Hatua Mia Mbili na Hamsini

Kutoka mlango wa jikoni wa Baba Mkubwa hadi bomba la maji lililo kwenye uzio ni hatua arobaini na tano. Nilijua hivyo kabla sijajua kusoma, kwa sababu kila mtoto aliyepitia nyumba ile alijifunza kuhesabu akifuata visigino vyake, yeye na ndoo mbele, sisi nyuma. Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumanne, niliposikia akitamka "hamsini" kule bombani, nilidhani amekosea kuhesabu.

Aliacha ndoo palepale, akarudi mlangoni, akageuka, akaanza upya. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua mchele, ikabidi nivute miguu apite. Midomo yake ilikuwa inacheza. Akafika, akagusa bomba kwa mkono.

"Ngapi?" nikauliza.

"Hili bomba limehamishwa?"

"Nani alihamishe, Baba Mkubwa?"

Aliinama akaangalia pale bomba lilipoingia ardhini. Saruji ilikuwa ileile, yenye ufa uleule, na alama ya unyayo wangu mdogo niliyoiacha siku nilipoikanyaga ikiwa mbichi nikachapwa. Akaitazama ile alama kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

Basi niseme kwanza yeye ni nani. Baba Mkubwa alifanya kazi na wapima ardhi miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kushika mwisho wa mnyororo wa kupimia, baadaye mwisho wa tepu. Wapima walikuja wakapandishwa vyeo wakahamishwa, yeye akabaki na mwisho wake mkononi. Katika miaka hiyo mwili wake ulijifunza jambo ambalo hakufundishwa na mtu: hatua yake ilikuwa sentimita themanini. Wahandisi walimjaribu mara nyingi, wengine kwa kuwekeana dau la soda, na aliyebisha alinunua. Watu wakamwita Futi, jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho.

Hata alipokuwa anamchumbia Mama Mkubwa, kwa vile alikuwa na haya, sentensi ya kwanza aliyomwambia ilikuwa kwamba kutoka kwao hadi kwa kina binti ni hatua elfu tatu, mia moja na arobaini. Mama Mkubwa hadi leo akikasirika humkumbusha. "Wenzangu walisifiwa macho," husema. "Mimi nilisomewa umbali."

Alipostaafu, watu hawakuacha kumwendea. Anayetaka kujenga uzio, anayegawa shamba, shule inayotaka uwanja wa mpira, wote walimwita Futi apite. Ofisi ya mipango nayo ilikuwa na mazoea yake. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa "aliyepima", na ofisa akikuta jina lake pale hatumi mtu kuhakiki. Anagonga mhuri.

Mwaka jana alipanda juu ya paa kugongelea bati, akaanguka. Nyonga iliteguka. Alilala miezi mitatu, kisha akainuka akatembea, wima kabisa, bila fimbo, na aliyempa pole alijibiwa kwamba pole hiyo ampelekee bati. Kazi ya kuchota maji ilikuwa imeshachukuliwa na Mama Mkubwa, naye hakuirudisha. Kwa hiyo hakuwa ameipita njia ile ya bombani na ndoo tangu aanguke, mpaka Jumatatu Mama Mkubwa alipoondoka kwenda kumuuguza dada yake, na Jumanne tukaamka hatuna maji.

Alivua viatu akapima peku. Hamsini. Akavaa buti za zamani za kazini. Hamsini na moja. Akavaa kandambili zangu, ambazo hazikumwenea, akaishia kuzibeba mkononi.

"Ni jua," akasema. "Ardhi inatanuka."

Sikucheka, kwa sababu yeye hakuwa anatania. Alikuja akakaa kwenye ngazi kando yangu.

"Wewe umesoma. Mguu wa mtu mzima unaweza kufupika?"

"Mguu haufupiki. Labda hatua."

"Arobaini na tano mara themanini ni ngapi?"

"Sentimita elfu tatu na mia sita. Mita thelathini na sita."

"Sasa zigawanye kwa hamsini."

Nikagawanya kichwani, nikarudia, nikatamani niwe nimekosea. "Sabini na mbili."

Alishika goti lake la kulia kwa mikono miwili, kana kwamba lingekimbia. Wote wawili tulikuwa tumeshafika mahali pamoja bila kupataja: shamba la Shemeji.

Shemeji ni mdogo wake Mama Mkubwa, na kwa kuwa Baba Mkubwa alimwita hivyo kutwa nzima, sote tulimwita hivyo. Ana shamba tambarare kando ya barabara ya vumbi, na mwezi ule walikuwa wamemjia watu wa mashindano ya baiskeli. Walitaka mahali pa kuweka kambi ya siku nne: mahema ya watu mia nne, vyoo vya kubebwa na malori, jenereta, na vipaza sauti vya kuamshia waendeshaji saa kumi na moja alfajiri. Kibali cha kambi ya muda hutolewa na kamati ya mipango, na sharti lake kubwa ni moja. Hema la kwanza lisipungue mita mia mbili kutoka ukuta wa nyumba ya mtu.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Mama Pacha. Huyu ni mshonaji, ana chumba chenye cherehani upande wa barabara na chumba cha kulala upande wa shamba, na watoto wake pacha walikuwa na miezi mitano. Kwa muda mrefu walikuwa wakilala kwa zamu, mmoja akisinzia mwingine anaamka, na mama yao, kwa kukosa usingizi, alimshonea jirani suruali yenye mguu mmoja mrefu. Wiki chache kabla ya hapo wakaanza kulala pamoja. Aliwatangazia watu bombani kama anayetangaza harusi.

Baba Mkubwa alipima. Alitembea kutoka ukuta wa Mama Pacha hatua mia mbili na hamsini, akachomeka kigingi, akakipaka rangi nyeupe. Mimi ndiye niliyejaza fomu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Kwenye kisanduku cha umbali niliandika "mita mia mbili kamili", na neno hilo "kamili" nililiongeza mwenyewe kwa sababu lilikaa vizuri.

Tangazo lilibandikwa dukani. Ndani ya siku zilizoruhusiwa, Mama Pacha akaandika pingamizi. Alisema amepima mwenyewe, ni mita mia moja na themanini. Ijumaa iliyopita ofisa aliwaita pande zote mbili, akamuuliza amepimaje. Mama Pacha akatoa kwenye mkoba tepu yake ya kushonea, ya mita moja na nusu, akasema ameilaza chini mara mia na ishirini, akichomeka pini kila inapoishia.

Ofisi nzima ilicheka. Shemeji alicheka mpaka akatoka nje. Mtu mmoja akauliza kama shamba litashonewa gauni au koti. Baba Mkubwa si mtu wa kucheka watu, lakini siku ile alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya zaidi: "Mwanangu, kipimo cha nguo na kipimo cha ardhi ni vitu viwili." Mama Pacha akaikunja tepu yake, akairudisha mkobani, akaondoka.

"Mia mbili na hamsini mara sabini na mbili," Baba Mkubwa aliniambia sasa, pale kwenye ngazi. Hakuuliza. Alikuwa ameshapata jibu.

Mita mia moja na themanini.

Kamati ilikuwa inakaa Alhamisi saa nne.

Siku ile hakula. Chai niliyompelekea ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena. Alitoka akazunguka nyumba, akarudi, akatoka, na kila alipotembea nilimsikia akihesabu, kisha akijikatiza katikati. Mara moja aliniita dirishani aniulize kama nakumbuka amepima nini kingine tangu aanguke. Nilikumbuka uwanja wa shule. Yeye akakumbuka mpaka wa wale ndugu wawili wa kule bondeni, waliogombana miaka sita na kupatana siku Futi alipopita katikati ya shamba lao. Alipoutaja mpaka huo alikaa chini.

"Nikisema la kambi, na hilo litafunguka," akasema.

Mimi nikiulizwa jambo gumu huwa natafuta kitabu, na hakuna kitabu kilichoandikwa juu ya nyonga ya Baba Mkubwa.

Jumatano asubuhi tulikwenda kwa Shemeji. Shamba lilikuwa limeshafyekwa na kusawazishwa, na Shemeji alikuwa amesimama katikati yake mikono kiunoni, kama tayari anaona mahema.

"Futi huyo," akasema. "Karibu. Nimekuwekea hema la mgeni rasmi, usije ukalala na wenye jasho."

Baba Mkubwa alimweleza. Alianza na bomba, akaenda kwenye bati, akarudi kwenye kigingi. Shemeji alisikiliza akitabasamu, akingoja sehemu ya kuchekesha ifike. Haikufika.

"Mita ishirini," akasema mwishowe. "Shemeji, mita ishirini mtu akipiga chafya si anazimaliza?"

"Sharti ni mia mbili."

"Basi tusogeze kigingi kule nyuma, mambo yaishe."

"Kule nyuma ni tope. Vyoo utaviweka wapi?"

Shemeji aliangalia kule nyuma, ambako matete yalikuwa yanaanzia, na uso wake ukabadilika. Ramani ilikuwa imeshachorwa. Ukiondoa mita ishirini unaondoa safu mbili za mahema, na wenye mashindano walikuwa wamemwambia wazi: kambi isipoenea, au kibali kisipotoka Alhamisi, wanahamia ng'ambo ya mto.

"Nani anajua habari hii?" akauliza, sauti imeshuka.

"Mimi, wewe na huyu mtoto. Na Mama Pacha."

"Mama Pacha anajua kwa tepu ya kushonea. Hakuna anayemsikiliza."

"Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

"Hakuna anayekuomba useme uongo," Shemeji akasema, sasa akibembeleza. "Kesho wakikuuliza ulipima, sema nilipima. Si ulipima? Hatua mia mbili na hamsini, ulizihesabu zote. Ni kweli tupu. Mimi ni nani nikuambie la kusema, wewe umeoa dada yangu, nyumba yenu ni yangu. Lakini nilishawaambia watoto baiskeli zinakuja."

Njiani kurudi Baba Mkubwa hakuhesabu. Nilimsikia akirudia kwa chini, "Si nilipima? Si nilipima?" na sikujua anamjibu Shemeji au anafanya mazoezi.

Tulipita mbele ya nyumba ya Mama Pacha. Cherehani ilikuwa kimya. Mlango ulikuwa wazi nusu, naye alikuwa ameketi sakafuni mgongo ukutani, kichwa kimeanguka pembeni, amelala, sindano imechomekwa begani kwenye gauni lake. Watoto wamelala kwenye kitanga mbele yake, kila mmoja ameshika mguu wa mwenzake. Baba Mkubwa alinishika mkono tusimame. Tukapita kwa ncha za vidole, watu wazima wawili barabarani mchana kweupe.

Alhamisi alivaa shati lake la kwenda ofisini na akafika saa nzima kabla ya wakati. Chumba cha kamati kilikuwa na mabenchi mawili, meza ndefu, feni isiyozunguka na mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo ambaye zamani, akiwa mpima kijana, alifundishwa na Baba Mkubwa jinsi ya kusimamisha fimbo ya kipimo isiyumbe. Hakusahau. Alimwita Mzee wangu na akamletea kiti mwenyewe.

Mama Pacha alikuja na pacha mmoja mgongoni na mwingine mapajani. Hakumsalimia mtu zaidi ya "Shikamooni" ya jumla, akakaa mwisho wa benchi karibu na mlango.

"Hili halina maneno mengi," mwenyekiti akasema, akifungua faili. "Kuna pingamizi la umbali. Kipimo kimefanywa na mtu tunayemjua. Mzee wangu, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Ulipima?"

Baba Mkubwa alisimama. Shemeji, aliyekuwa mbele yangu, aliacha kutikisa mguu. Nilikuwa nimebana kalamu mpaka kifuniko chake kikapasuka.

"Nilipima."

"Ahsante." Mwenyekiti akanyanyua mhuri.

"Nilipima vibaya."

Mhuri ulibaki hewani. Mmoja wa wajumbe akacheka, akidhani ni utani.

"Mzee wangu, wewe hukosei kupima," mwenyekiti akasema. "Umemwonea huruma huyu mama. Tunaelewa, wote tuna watoto. Lakini sheria ni namba."

"Ndiyo hizo namba nazungumzia. Hatua yangu si themanini tena."

"Tangu lini?"

"Tangu nianguke. Nimejua juzi."

"Unatembea vizuri kuliko mimi."

"Natembea vizuri. Natembea fupi."

Wakatazamana. Nilifikiri nimejiandaa kwa kila kitu: hasira, aibu, Shemeji kusimama na kupinga. Sikuwa nimejiandaa kwamba watakataa kuamini. Walikuwa wanamtetea dhidi yake mwenyewe, kwa adabu, kwa mapenzi, na kila walivyomtetea jasho lilizidi kumtoka shingoni. Mjumbe mwingine akasema mzee apewe maji. Mwenyekiti akashusha macho kwenye faili tena.

"Nipeni tepu," Baba Mkubwa akasema.

Ilitafutwa. Ilipatikana kabatini chini ya mapazia ya zamani, tepu ya mita hamsini yenye mpini wa chuma, na alipoiona alinyoosha mkono kabla hajapewa. Tukatoka wote kwenye ukumbi mrefu wa ofisi. Watu waliokuwa wanasubiri vyeti wakavuta miguu. Mwenyekiti akalaza tepu sakafuni, Baba Mkubwa akasimama visigino kwenye sifuri, akamgeukia Mama Pacha.

"Mwanangu, nihesabie. Hatua ishirini na tano. Zikiwa za zamani nitafika mita ishirini kamili."

Mama Pacha alimwangalia kwanza, akipima kama anachezewa. Kisha akaanza, kwa sauti ya chini ili asiamshe wa mgongoni. "Moja. Mbili. Tatu."

Baba Mkubwa alitembea kama alivyotembea maisha yake yote, mgongo umenyooka, macho mbele, bila kutazama chini. Nilijua alikuwa na njia ya kujiokoa. Angeunyoosha mguu mbele kidogo tu kila hatua, nani angejua? "Ishirini na nne. Ishirini na tano." Akasimama.

Mwenyekiti alipiga magoti, akasogeza miwani.

"Ngapi?" Shemeji akauliza.

"Kumi na nane."

"Tazama vizuri."

"Kumi na nane, vidole viwili juu. Mzee wangu, rudia."

Akarudia. Mara ya pili vidole viwili havikuwepo.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na cha kiofisi. Uamuzi uliahirishwa, na mchana ule kamati ikaenda shambani na tepu. Mwenyekiti alitaka kumpa mjumbe mmoja ashike mwisho, lakini Mama Pacha alikuwa ameshauchukua, akaubana kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala. Kisha akabadili mawazo. Mtoto wa mgongoni alikuwa ameanza kulia.

"Mzee," akamwita Baba Mkubwa. "Shika hapa. Usilegeze."

Akaushika. Alisimama ukutani kwa Mama Pacha, mwisho wa tepu chini ya dole gumba, kama alivyosimama miaka thelathini na mmoja, wakati wenzake wakienda mbele na namba. Kila mita hamsini zilipoisha alisogea na mwisho wake, mpaka kutoka kwenye kigingi mwenyekiti akapaza sauti: mia moja sabini na tisa na nusu.

"Nilizidisha nusu mita," Mama Pacha akasema, akimbembeleza mtoto. "Pini zilikuwa zinalala."

Baba Mkubwa alitikisa kichwa. "Kwa tepu ya mita moja na nusu? Mimi nisingeweza."

Kibali hakikutoka kwa ramani ile. Mwenyekiti aliandika kwamba wenye mashindano wakitaka walete nyingine kabla ya Jumamosi, isiyo na safu mbili za mbele, na vipaza sauti vielekezwe barabarani. Shemeji aliwapigia simu akiwa amesimama peke yake penye matete. Walisema watafikiria. Aliporudi alitupita bila kutuaga, akang'oa kigingi cheupe kwa mikono yake, akakitupa upande wa tope. Mama Mkubwa atakaporudi atakuta mdogo wake haongei na mumewe, na sijui nani atamweleza. Naogopa ni mimi.

Tulirudi nyumbani polepole. Nilingoja aonekane mtu aliyetua mzigo, na sikumwona mtu huyo. Alikuwa anatazama miguu yake. Tulipofika bombani alisimama, akaweka unyayo wake kando ya ile alama yangu ya utotoni kwenye saruji, akaulinganisha, akautoa.

"Kesho tutakwenda bondeni kwa wale ndugu wawili," akasema. "Asubuhi, kabla hawajaenda shamba."

"Watagombana tena, Baba Mkubwa."

"Najua." Akachukua ndoo. "Pitia kwa Mama Pacha uazime ile tepu yake ya kushonea. Mwambie nitairudisha mwenyewe."